Barua ya Mwana Aliye Ng'ambo ni Amana

Katika nyumba za Waislamu wa mji wa Moshi, na za vijiji vilivyo juu yake penye migomba na mibuni, si ajabu kukuta wakati wa futari nafasi ya mtoto mmoja i tupu. Ukiuliza yuko wapi, utaambiwa yuko Cairo au Madina, yuko Uturuki, yuko India au Uingereza. Amekwenda kutafuta elimu. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo, kwani wazee wengi waliitamani wasiipate. Lakini safari ya elimu ina upande wake wa pili ambao haufundishwi katika chuo chochote, nao ni upande wa habari: nani atamwandikia mtoto, atamwandikia nini, nani atakayeisoma barua yake ifikapo, na nani atamwambia mambo ya nyumbani yakiwa mazito. Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo hilo, maana tumeyaona madhara ya kulipuuza, nayo si madogo.

NJIA YA BARUA HADI MLIMANI

Zamani, kabla ya posta, habari zilipanda Kilimanjaro pamoja na misafara ya biashara iliyotoka Pangani, Tanga na Mombasa. Watu wa pwani walioifuata misafara hiyo walijua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na barua za namna hiyo zilipita mkononi mwa huyu na huyu mpaka zikamfikia mwenyewe. Mwaka 1911 reli iliyoanzia Tanga ilifika Moshi, ikawa mfuko wa barua waweza kuja kwa gari la moshi. Wakati huo Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa mjini Bern, Uswisi, mwaka 1874, ulikuwa umekwisha weka kanuni ambayo hata leo ndiyo iendeshayo kazi: ada ilipwayo mahali pa kupelekea yatosha, na posta ya nchi ya pili huifikisha barua kwa mwenyewe kana kwamba imetiwa kwao. Ndiyo sababu stempu iliyonunuliwa Moshi yatambulikana Cairo na London.

Kabla ya Oktoba 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Kijana wa Kilimanjaro aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, nchini Uganda, au alivuka bahari. Waliotaka kuzama katika elimu ya dini walikuwa na Al-Azhar ya Cairo, na mwaka 1961 kikaanzishwa pia Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Fedha za kahawa zilisomesha wengi, na mwana akiisha kuondoka, barua ndiyo iliyokuwa kamba ya pekee iliyomfunga na nyumbani kwao.

Hata hivyo barua haikufika mlangoni. Vijijini kwetu hakuna tarishi aliyepita nyumba kwa nyumba. Barua ilikwenda kwenye sanduku la posta mjini, na mara nyingi sanduku hilo lilikuwa la shule, la msikiti, la chama cha ushirika, au la mwenye duka. Mtu wa mlimani alingoja siku ya gulio, au alimtuma kijana ateremke mjini akaulize. Bahasha ilipita mikono mitatu au minne kabla ya kufika. Nayo ilipofika, mama asiyejua kusoma alihitaji mkono mwingine tena, yaani mkono wa msomaji. Kila mmoja wa hao alikuwa amechukua amana, ajue asijue.

HABARI YA NYUMBA MOJA

Katika miaka ya 1980 tulijuana na nyumba moja ya Kiislamu upande wa Machame. Baba wa nyumba ile alikuwa mkulima wa kahawa, mtu wa swala tano, na mwanawe wa kwanza alikuwa akisoma Cairo. Barua zao zilikwenda kwa ile karatasi nyembamba ya buluu ya barua ya ndege, ambayo hukunjwa ikawa bahasha yake yenyewe. Hazikuchukua chini ya majuma matatu kufika. Baba alijua kusoma na kuandika, na barua zote za kwenda kwa mwanawe aliziandika kwa mkono wake mwenyewe.

Siku moja baba yule akashikwa na maradhi ya ghafula, na kabla ya kufikishwa hospitali akafariki. Wakamzika siku ile ile kihambani kwake. Baada ya matanga wakakaa shauri: mwana aandikiwe nini? Baba yake mdogo akasema, "Mitihani yake imebaki miezi michache. Tukimwambia atavunjika moyo, au atataka kurudi, na nauli hatuna. Tumwache amalize." Wazee wakaona hayo ni maneno ya huruma. Mama naye akanyamaza, kwa kuwa mjane wa siku saba hana nguvu ya kubishana.

Kalamu akapewa binti wa nyumba, aliyekuwa darasa la saba. Akaandika kama alivyosomewa: salamu nyingi, mvua imenyesha vizuri, ng'ombe amezaa, sote hatujambo, hofu ni juu yako wewe uliye mbali. Kisha akaambiwa aongeze: "Baba yako akusalimu sana. Mkono wamwuma kidogo, ndiyo maana barua hii imeandikwa na mdogo wako." Binti akaandika. Yeye mwenyewe ndiye aliyetueleza, miaka mingi baadaye, ya kuwa aliinua kalamu mara tatu kabla ya kulitia neno lile katika karatasi, na kwamba tangu siku ile hakupenda tena kuandikia mtu barua.

Barua tatu za namna hiyo zilikwenda Cairo katika muda wa miezi mitano. Na kila jibu lililotoka huko lilimwanza baba: "Shikamoo baba. Namwomba Mungu auponye mkono wako." Majibu yalisomwa mbele ya mama, naye aliyasikiliza huku amejifunika kanga usoni.

Mwezi wa tano mwanafunzi mwingine, kijana wa Kibosho, aliwasili Cairo kutoka nyumbani. Walipokutana katika safu ya chakula, mgeni yule alimpa mkono akamwambia kwa nia njema kabisa, "Pole sana ndugu yangu kwa msiba wa mzee." Hivyo ndivyo mwana alivyoupata msiba wa baba yake: amesimama na sahani mkononi, kati ya watu asiowajua, miezi mitano baada ya kaburi kufukiwa.

Barua aliyoiandika nyumbani baada ya hapo haikuwa na matusi wala laumu nyingi. Ilikuwa na mambo matatu. La kwanza alisema: "Miezi mitano nimemwombea baba yangu apone mkono, wala sikumwombea maghufira hata mara moja. Alikuwa kaburini akiingoja dua yangu, nami nilikuwa nikiomba jingine."

La pili lilihusu deni. Katika barua ya mwisho aliyoiandika baba kwa mkono wake, alimweleza mwanawe kwamba nauli ya kwenda Cairo ilitokana na fedha alizokopeshwa na jirani yake, mkulima mwenzake. Nusu amekwisha ilipa, na nusu imebaki hadi mauzo ya kahawa yajayo. Hapakuwa na shahidi wala maandishi mengine. Jirani yule alifika mazikoni, akaona haya kumdai mjane, akanyamaza; na muhula ule ule binti yake mwenyewe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya shule. Maandishi pekee ya deni lile yalikuwa Cairo, chini ya mto wa kijana asiyejua kwamba baba yake amekufa.

La tatu lilikuwa lake mwenyewe. Aliungama kwamba mitihani ile iliyofanya afichwe habari haikumhusu mwaka ule. Alikuwa ameanguka katika lugha ya Kiarabu, akarudishwa darasa la maandalizi, akaona haya kuwaambia. Wakati wao walipoandika "baba yako akusalimu", yeye alikuwa akiandika "masomo yaendelea vizuri."

Deni lililipwa katika fedha za kahawa za mwaka ule, na binti wa jirani akarudi shule, Alhamdulillahi. Lakini tazameni, ndugu zetu: hapakuwa na mtu mbaya katika habari hii. Baba mdogo alitaka kumhurumia mwana. Mwana alitaka kuwahurumia wazazi. Uongo wa pande mbili ukapishana njiani ndani ya bahasha za buluu, na kila upande ukajiona umetenda wema.

HAKI TATU ZILIZOPOTEA

Mtu aweza kusema kwamba kuficha msiba ni hekima. Twauliza: hekima hiyo yalingana na mafundisho ya dini yetu?

Haki ya kwanza iliyopotea ni ya maiti. Mtume Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwanadamu afapo, amali yake hukatika ila kwa mambo matatu, na mojawapo ni mtoto mwema amwombeaye. Baba yule alimsomesha mwanawe dini kwa fedha za mkopo, na pengine tumaini lake kubwa lilikuwa hilo. Aliyemficha mwana habari hakumficha mwana peke yake. Alimnyima na baba aliyelala kaburini.

Haki ya pili ni ya mwenye kudai. Twajua kwamba Mtume (s.a.w.), alipoletewa jeneza, alikuwa akiuliza kama maiti anadaiwa, na safari moja hakumsalia maiti mpaka Abu Qatada (r.a.) alipochukua dhamana ya deni lake. Kurani Tukufu nayo yaamuru, katika aya iliyo ndefu kupita zote, iliyomo katika Sura ya pili, kwamba deni la muda liandikwe, liwe dogo au kubwa, na liwe na mashahidi. Na katika mafungu ya mirathi ya Sura ya nne, urithi haugawanywi ila baada ya wasia na deni. Basi warithi watajuaje deni, ikiwa yule aliye na habari zake amefichwa kifo?

Haki ya tatu ni ya mwana mwenyewe. Hakuwa mtoto mdogo. Mtu aliyeaminiwa kuvuka nchi peke yake, akaaminiwa kupika, kusoma na kujilinda ugenini, hakuaminiwa kumlilia baba yake.

Hatusemi kwamba msiba utupwe kwa mtu kama jiwe. Kuna namna ya kuupeleka, na mfano wake tunao. Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa nane wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mkewe Asma, akawaita watoto wa Jaafar karibu naye, machozi yakimtoka, kisha akaisema habari. Baadaye akaagiza watu wa nyumba ile wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na lililowashughulisha. Katika jambo hilo twaona mambo manne: habari ilisemwa upesi, ilisemwa kweli, ililetwa na mtu mwenye heshima na mapenzi, na baada yake ulifuata msaada. Kwa mwana aliye ng'ambo, mtu wa namna hiyo yaweza kuwa mwalimu wake, imamu wa msikiti aswalipo, au ndugu mkubwa wa jamaa ya Watanzania wa mji ule. Aambiwe huyo kwanza, aende akaketi na kijana, na baada ya hapo nyumbani waseme naye wenyewe.

ADABU ZA BARUA KATIKA UISLAMU

Waislamu hatukuanza jana kuandikiana. Kurani Tukufu yatusimulia katika Sura ya Namli barua ya Nabii Sulaiman (a.s.) kwa Malkia wa Sabaa, iliyopelekwa na ndege hudhud. Malkia alipoisoma mbele ya wakuu wake, alitaja kwanza kwamba yatoka kwa Sulaiman, na kwamba imeanzwa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Jina la mpelekaji lilionekana mara moja. Siku hizi ni bahasha ngapi zinazotiwa posta bila jina wala anwani ya mpelekaji, hata zikikosa mwenyewe hazina pa kurudi?

Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia wafalme, aliambiwa kwamba hawasomi barua isiyo na muhuri, akatengenezewa pete ya fedha yenye jina lake, akaitia barua zake muhuri. Naye alimwamuru Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa hakupenda barua zake zisomwe na kuandikwa na mtu asiyemwamini, Zaid akajifunza katika muda wa nusu mwezi hivi. Hapo twaona uzito wa kazi ya msomaji. Kijana anayemsomea bibi yake barua, au anayemfungulia simu akamsomea ujumbe, amekaa mahali pa Zaid. Asipunguze neno, asiongeze, wala asiyatangaze nje aliyoyasoma.

Tarehe nayo ina kisa chake. Abu Musa Al-Ashari (r.a.), aliyekuwa liwali wa Basra, alimlalamikia Sayidna Umar (r.a.) kwamba barua zafika kwake bila tarehe, hata haijulikani ipi ni ya mwanzo na ipi ya mwisho. Wanahistoria wametaja jambo hilo kuwa miongoni mwa sababu zilizomfanya Sayidna Umar, yapata mwaka wa 17 wa Hijra, aweke hesabu ya miaka kwa Hijra. Basi Mwislamu atiaye tarehe juu ya barua yake afuata desturi iliyozaa kalenda ya umma wake.

Na juu ya kujibu, imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba aliona kujibu barua ni haki kama kujibu salamu. Mzazi aandikaye mara tatu asijibiwe, ametoa salamu tatu zisizojibiwa.

SIMU YA MKONONI HAIJAONDOA AMANA

Kijana atatuambia: hayo yalikuwa ya karatasi za buluu, leo tuna simu. Ni kweli, na sisi hatuilaumu neema. Zile barua nyembamba za ndege, posta ya Marekani iliacha kuziuza mwaka 2006, na ya Uingereza mwaka 2012. Mama aliye Kibosho leo aweza kumwona mwanawe aliye Ankara uso kwa uso, akamwuliza amekula nini.

Lakini ugonjwa wa zamani haukufa, umezaa na pacha wake. Wa zamani ulikuwa kuficha. Wa leo ni haraka. Mzee akikata roho saa nne asubuhi, kabla ya saa tano mtu wa mbali amekwisha andika katika kundi la ukoo, "Innalillahi, mzee ametutoka", na mwana aliye ng'ambo analisoma hilo akiwa ndani ya basi au darasani. Kijana wa Cairo aliupata msiba baada ya miezi mitano kutoka kwa mgeni. Kijana wa leo aweza kuupata baada ya dakika tano, na kwa njia isiyo na huruma zaidi. Kila ukoo uwe na mtu mmoja aliyechaguliwa kumwambia aliye mbali, na wengine wote wazuie vidole vyao mpaka wasikie kwamba amekwisha ambiwa.

Tena maneno ya simu hayakai. Simu huibwa, huvunjika, hubadilishwa, na maneno ya baba yakaenda pamoja nayo. Lau lile deni la nauli lingaliandikwa katika simu iliyopotea, jirani yule asingalilipwa hata leo. Kwa hiyo twashauri kila mzazi aliye na mwana ng'ambo amwandikie walau mara moja kwa mwaka barua ya karatasi, yenye tarehe na sahihi, ataje humo madeni yake na wanaomdai, amana za watu alizo nazo, na wasia wake. Na nakala yake abaki nayo nyumbani, ikiwa na mashahidi wawili.

MAWAIDHA KWA WANAOTUMA NA WANAOPOKEA

Kwa kuwa posta bado yatumika kwa vyeti na vifurushi, twaongeza maneno machache ya kufaa.

Shughuli za posta hapa nchini zilikuwa chini ya shirika moja na simu, na tangu mwaka 1994 Shirika la Posta Tanzania limesimama peke yake. Zoezi la anwani za makazi na postikodi lililofanywa nchini mwaka 2022 limezipa nyumba namba na barabara majina, lakini barua nyingi bado zapokewa kwa sanduku. Kwa hiyo mwanafunzi aandikaye nyumbani aandike jina kamili la mpokeaji, kisha "kwa hisani ya" mwenye sanduku, namba ya S.L.P., Moshi, Tanzania, na juu ya kifurushi aongeze namba ya simu ya mpokeaji ili aweze kuitwa. Naye mwenye sanduku akumbuke kwamba barua ya mwenzake si yake. Mwenyezi Mungu ametuamuru kuzirudisha amana kwa wenyewe, na ametukataza upelelezi. Kuifungua bahasha ya mtu, au kuilaza dukani mwezi mzima kwa uvivu, ni kuvunja amri hizo.

Cheti halisi kisipelekwe kwa barua ya kawaida. Kipelekwe kwa rejista au kwa huduma ya haraka ya EMS, kikiwa na namba ya kukifuatilia, na risiti ihifadhiwe mpaka mwenyewe akiri kupokea. Lililo bora ni kupeleka nakala iliyothibitishwa, na cheti cha asili kikabaki. Kabla ya kusafiri, kijana aache nyumbani nakala za cheti cha kuzaliwa, za vyeti vya mitihani na za pasi yake ya kusafiria, na amwandikie mtu mmoja mwaminifu barua ya kumwakilisha. Vita vilipozuka nchini Sudan mwezi Aprili 2023, wanafunzi Watanzania waliokuwa wakisoma Khartoum walirudishwa nyumbani. Atokaye kwa haraka namna ile hana nafasi ya kukusanya makaratasi. Aliyeacha nakala kwao ana pa kuanzia.

Fedha taslimu zisitiwe ndani ya barua. Kanuni za posta za kimataifa zakataza noti katika barua za kawaida, na ikipotea huna wa kumdai. Katika kifurushi, andika kwa kweli kilichomo na thamani yake katika karatasi ya forodha. Kumdanganya mtu wa forodha ni uongo kama uongo mwingine. Kahawa ya mlimani iliyokaangwa na kusagwa husafiri vizuri na kumfurahisha mgeni, ila uliza kwanza masharti ya nchi iendayo. Mbegu, miche na ndizi mbichi zina sheria zake kali katika nchi nyingi, na manukato yana spirti iwakayo moto, hukataliwa katika ndege za posta.

Na kwako wewe mwanafunzi, mwana wetu uliye mbali: ukihama bweni, iarifu nyumba yako kabla ya kuhama, kwani barua isiyomkuta mtu hurudi au hupotea. Ukianguka mtihani, waambie. Baba aliyeuza kahawa kukupeleka huko ana haki ya kujua kama fedha zake zimekwenda mwaka mmoja au miwili. Haya ya siku moja ni nyepesi kuliko uongo unaolishwa kila mwezi. Ukiumwa, sema. Ukikosa chakula, sema. Na ukimwandikia mama yako, usimwandikie kama karani. Mweleze chumba chako, baridi ya huko, sauti ya adhana uisikiayo au uikosayo. Huyo hana njia ya kukuona ila kwa maneno yako.

Yule binti aliyeinua kalamu mara tatu amekuwa mama sasa, na mwanawe mmoja amekwenda kusoma nje. Alipomsindikiza, hakumwagiza zawadi. Alimwambia, "Mimi nitakuambia kila litakalotokea hapa, zuri na baya, siku ile ile. Nawe utaniambia lako. Tukikubaliana hivyo, nenda kwa amani." Sisi twaona kwamba maagano hayo yafaa kila nyumba iyafanye kabla ya mtoto kupanda gari, tena mbele ya wazee wote.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wana wetu walio mbali, awape elimu yenye manufaa, awarehemu wazazi wetu waliotangulia na awafikishie dua zetu, na atujalie tuwe wakweli katika kauli zetu na maandishi yetu. Amin.